Mshipa uliziba, sasa damu imevujaje?

Swali: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 71. Juzi asubuhi mdomo ulimpinda na mkono wa kushoto ukalegea, tukamfikisha hospitali kabla saa mbili hazijaisha. Picha ya kichwa haikuonyesha damu, tukaambiwa ni kiharusi cha mshipa kuziba, akawekewa dripu ya dawa ya kuyeyusha donge. Jioni akaanza kusogeza vidole, tukamshukuru Mungu. Usiku akalalamika kichwa, akatapika, akawa mzito wa kuamka. Picha ya pili ikaonyesha damu ubongoni. Kaka yangu anasema dawa ndiyo iliyompasua mshipa. Wamegundua pia kwamba moyo wake unadunda bila mpangilio, na wanasema huko mbele ataanzishiwa dawa ya kufanya damu iwe nyepesi. Naogopa. Mshipa ulioziba unavujaje? Na mtu aliyekwisha kuvuja anapewaje dawa kama hiyo?

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza.

Nianze na kaka yako, maana maneno yake ndiyo yatakayowagombanisha nyumbani hata mama akishatoka wodini, na yana nusu ya ukweli. Dawa ya kuyeyusha donge huongeza hatari ya kuvuja damu ubongoni. Hilo halina ubishi, na huenda mliambiwa kabla ya dripu kufungwa, ingawa katika pilikapilika za mapokezi ni nadra ndugu kukumbuka alichoambiwa. Lakini dawa ile haiendi kutafuta mshipa mzima na kuupasua. Ilichofanya ni kufungua njia, damu ikarudi kwa nguvu kwenye mishipa midogo ambayo ilikuwa imekwisha kuharibika kwa njaa. Na njaa hiyo ililetwa na donge.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya oksijeni yote, na hauna ghala. Mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva hufa kwa kasi iliyowahi kukadiriwa kuwa milioni 1.9 kila dakika. Hayo wengi wameshayasikia. Kisichosemwa sana ni kwamba mishipa ya damu nayo ina uhai. Kuta zake zimejengwa kwa seli, na seli hizo nazo zinahitaji damu ile ile iliyokatika. Donge likikaa kwenye mshipa mkubwa, vijimshipa vyote vilivyo mbele yake hubaki vikavu.

Vijimshipa vya ubongoni vimeundwa tofauti na vya kwingine mwilini. Seli za kuta zake zimebanana ubavu kwa ubavu, na kila upenyo umezibwa, mfano wa mbao za jahazi lililokalafatiwa na fundi hodari. Chini ya seli hizo kuna tandiko jembamba linalozishikilia. Kazi ya mpango huo wote ni kuzuia vitu vilivyo ndani ya damu visiingie ovyo kwenye ubongo. Sasa chukua jahazi hilo ulipandishe nchi kavu, liachwe juani. Mbao zinanywea, kalafati inakauka na kudondoka. Siku ukilishua tena, maji yanaingia kila mahali. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Ndani ya saa chache za njaa, mishikamano kati ya seli inalegea, na vimeng'enya vinavyomwagwa na seli zilizojeruhiwa vinaanza kutafuna lile tandiko. Mwanzo yanapenya maji, ubongo unavimba. Baadaye zinapenya protini. Uharibifu ukiendelea, chembe nyekundu zenyewe zinatoka nje, na hapo ndipo tunasema kiharusi cha mshipa kuziba kimegeuka kuwa na damu.

Kwa hiyo ni mabadiliko ya ugonjwa ule ule, ndani ya eneo lile lile lililokosa damu. Ndiyo maana hutokea hata kwa watu ambao hawakupewa dawa yoyote. Mwaka 1951, miaka mingi kabla dawa hizi hazijaanza kutumika kutibu kiharusi, madaktari wawili, Fisher na Adams, walichunguza ubongo wa watu waliokufa kwa kiharusi wakakuta damu imetapakaa ndani ya sehemu iliyokufa. Maelezo yao yangali yanatumika: donge linaloziba mshipa halidumu pale pale. Mwili wenyewe huanza kulimega, linavunjika vipande na kusukumwa mbele, na damu inarudi ikiwa imechelewa.

Walisisitiza jambo moja ambalo linamhusu mama yako moja kwa moja. Hali hiyo waliiona hasa kwa madonge yaliyosafiri kutoka kwingine, na mara nyingi chanzo chake ni moyo. Moyo unaodunda bila mpangilio hausukumi damu yote vizuri. Katika kijifuko cha chemba yake ya juu damu hutuama, na damu iliyotuama huganda. Kipande kikichomoka kinapanda kichwani. Madonge ya namna hiyo huwa makubwa, huziba mishipa mikubwa, kisha humegeka. Mgonjwa wa aina hiyo yumo katika kundi la wanaovuja zaidi, apewe dawa asipewe.

Je, dawa inaongeza kiasi gani? Utafiti uliofungua mlango ulichapishwa Marekani mwaka 1995, ukiwa na wagonjwa 624 waliowahishwa ndani ya saa tatu. Waliopewa alteplase, dawa ya kuyeyusha donge, asilimia 6.4 walivuja damu iliyozidisha hali yao ndani ya saa 36. Waliopewa dripu isiyo na dawa, asilimia 0.6. Ukiishia hapo, kaka yako ameshinda kesi. Lakini baada ya miezi mitatu waliokuwa wamefariki ni asilimia 17 upande wa dawa na asilimia 21 upande wa pili, na waliopewa dawa walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo tu. Hesabu hiyo tayari imewajumlisha wale waliovuja, hawakufichwa. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Ulaya ulionyesha kwamba faida ipo, japo imepungua, hadi saa nne na nusu. Ndiyo sababu daktari wa zamu hakusita. Saa moja na dakika kadhaa baada ya dalili, bila damu kwenye picha: ningekuwa mimi pale, ningemdunga.

Sijaona faili la mama, kwa hiyo siwezi kukuhakikishia kila kilichofanyika. Ila ulichokieleza mwenyewe, kwamba jioni vidole vilianza kusogea, kinaendana kabisa na mshipa uliofunguka.

Nikupeleke sasa mbele ya kioo cha kompyuta, maana kuna swali ambalo hukuliuliza lakini naliona linakuja: je, picha ya kwanza ilisomwa vibaya, damu ilikuwepo tangu mwanzo wakaipita? Kwenye picha ya CT mfupa wa fuvu unaonekana mweupe pee. Majimaji ya katikati ya ubongo ni meusi. Ubongo wenyewe ni kijivu cha aina mbili, gamba la nje ni jeupe kidogo kuliko ndani. Damu mbichi ni nyeupe, si kama mfupa, lakini inajitokeza waziwazi hata kwa mwanafunzi. Kukosa kuiona damu mbichi nyingi si rahisi. Kiharusi cha kuziba ni kinyume chake: katika saa za mwanzo picha inaweza kuonekana karibu ya kawaida, labda mpaka wa vile vijivu viwili umefifia kidogo upande mmoja. Giza lenyewe la sehemu iliyokufa huchukua saa nyingi kujitokeza. Kwa hiyo picha ya kwanza hupigwa hasa ili kuhakikisha kwamba hakuna damu. Ile ya pili, yenye weupe ndani ya giza, haiisuti ya kwanza. Kilichobadilika ni ubongo.

Hapa kuna mtego mmoja ambao hata madaktari huwatega. Mgonjwa aliyevutwa donge kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi kichwani hudungwa dawa ya rangi ili mishipa ionekane. Dawa hiyo hupenya kwenye kuta zilizolegea na kubaki nyeupe kwenye CT, ikafanana na damu. Ikipigwa picha nyingine baada ya siku moja au mbili, rangi inakuwa imefifia. Damu haifutiki upesi hivyo. Kwa mama yako, ukiunganisha na kichwa, kutapika na usingizi, sioni sababu ya kutilia shaka kwamba ni damu.

Swali ninalotaka ulichukue kesho wakati wa raundi ni hili: damu ni vidoadoa au ni dimbwi? Wakati mwingine chembe nyekundu zimechuja tu na kutawanyika ndani ya sehemu iliyokufa, madoa madogo yasiyosukuma kitu. Mgonjwa hajisikii tofauti yoyote, na picha ya kawaida ya siku ya pili ndiyo inayofichua. Vidoadoa vya namna hii mara nyingi ni alama tu kwamba damu imerudi, na peke yake haviharibu matokeo kwa kiasi kinachoeleweka wazi. Kuna wakati mwingine damu imekusanyika, imejaza nafasi na kuusukuma ubongo. Wataalamu hugawa kila aina mara mbili, kwa hiyo utasikia madaraja manne. Katika madimbwi, mpaka wanaoutumia ni asilimia 30: damu ikijaza zaidi ya hapo katika eneo lililokufa na kulisukuma lililo jirani, hilo ni daraja la nne, nalo ndilo linaloua na kuacha ulemavu mzito. Kati ya vidoadoa na daraja hilo kuna umbali mkubwa sana. Ndugu wakisikia tu "ana damu kichwani" huanza kupanga msiba, wakati mwingine kwa kitu ambacho mgonjwa mwenyewe asingekijua.

Sitakudanganya lakini. Kichwa, kutapika na uzito wa kuamka si dalili za vidoadoa. Zinaashiria shinikizo limepanda ndani ya fuvu, ama kwa damu, ama kwa uvimbe, ama kwa vyote viwili.

Nadhani umeona jinsi walivyogundua. Baada ya dawa ile, muuguzi hupima presha na kumchunguza mgonjwa kila dakika 15 kwa saa mbili, kila nusu saa kwa saa sita zinazofuata, kisha kila saa mpaka siku itimie. Taja jina lako. Leo mwezi gani? Inua mikono yote miwili. Nibane vidole. Usiku wa manane ndugu huchukia: "Jamani, mwacheni apumzike!" Mgonjwa wa kiharusi "anayelala vizuri" bila kuamshwa anaweza kuwa anazimika, na hakuna kipimo cha kumtofautisha zaidi ya kumwamsha. Nikiona familia inawafukuza manesi, natamani ningewaonyesha mapema kile karatasi ya uangalizi inachotafuta.

Dalili hizo zikijitokeza dripu ikiwa bado inaingia, hufungwa papo hapo na mgonjwa hurudishwa kwenye CT. Alteplase yenyewe haikai mwilini: nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya dakika kama tano. Tatizo ni kwamba inakuwa imekwisha kuipunguza faibrinojeni, ile protini inayotengeneza nyuzi za kugandisha damu, na pengo hilo linaweza kudumu saa nyingi. Kwa hiyo hupimwa faibrinojeni, chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha) na kasi ya damu kuganda, na ikihitajika mgonjwa huongezewa sehemu ya damu yenye faibrinojeni kwa wingi, au dawa inayolinda nyuzi zilizopo zisiyeyushwe. Daktari wa upasuaji wa ubongo huitwa aitazame picha. Si kila dimbwi hufunguliwa, mengi hayafunguliwi.

Presha ni jambo linalowachanganya watu zaidi, na kwa haki, kwa sababu tunabadilisha masharti katikati ya safari. Mgonjwa ambaye hatapewa dawa ya kuyeyusha wala kuvutwa donge, tunaweza kuiacha presha hata karibu 220 kwa 120 siku ya kwanza, na ndugu wanashangaa kwa nini hatuishushi. Sababu ni kwamba pembezoni mwa sehemu iliyokufa kuna sehemu inayopumua kwa shida, inalishwa na njia za panya, na njia hizo zinategemea msukumo. Ukiishusha presha ghafla, unaimalizia. Anayepewa dawa, kwanza lazima ishuke chini ya 185 kwa 110, kisha ishikiliwe isivuke 180 kwa 105 kwa saa 24, kwa sababu sasa njia imefunguka na kuta ni dhaifu. Ikishavuja damu, hushushwa kwa uangalifu zaidi, bila kuporomosha. Hata baada ya donge kuvutwa kwa mrija, tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba kuibana presha kupita kiasi kunawaumiza wagonjwa.

Kitu kingine kinachozidisha hatari ni ukubwa wa eneo lililokufa. Pengine hicho ndicho kikubwa kuliko vyote. Kisha kuchelewa kutibiwa, umri, sukari iliyopanda, presha isiyoshikika, chembe sahani chache, dawa za kuzuia damu kuganda ambazo mgonjwa alikuwa akitumia, na maambukizi kwenye vali za moyo. Hayo ya mwisho ni hatari kiasi kwamba yakijulikana, dawa ya kuyeyusha haitolewi kabisa.

Wanaosoma hapa ambao hawana mgonjwa leo, chukueni hili: mtu akipinda mdomo nyumbani, usimpe aspirini. Huwezi kujua kwa macho kama mshipa umeziba au umepasuka. Aspirini ina nafasi yake, baada ya picha. Tafiti mbili kubwa za mwaka 1997, zenye jumla ya wagonjwa karibu 40,000, zilionyesha kwamba ikianzishwa ndani ya siku mbili huepusha vifo au viharusi vipya kama 9 katika kila wagonjwa 1,000, huku ikiongeza viharusi vya kuvuja kama 2. Ni faida ndogo lakini ya kweli. Kwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha, husubiriwa saa 24 na picha ya pili isiyo na damu. Kwa mama yako picha ya pili imetoka na damu, kwa hiyo kutompa aspirini sasa ni sahihi.

Kuhusu uvutaji wa donge kwa mrija, ambao tafiti za mwaka 2015 ziliuthibitisha: zilipojumlishwa, waliovutwa na wasiovutwa walivuja damu yenye madhara kwa kiwango karibu sawa, kama 4 kwa 100 kila upande. Ukitaka hoja moja ya kumpa kaka yako, mpe hiyo. Mshipa ulifunguliwa kwa nguvu, damu ikarudi yote kwa mkupuo, na kuvuja hakukuongezeka. Ukifunguliwa mapema, kuta zinaokolewa pamoja na ubongo.

Sasa hofu yako ya pili. Kwanza neno. Hakuna dawa inayoifanya damu iwe nyepesi kama maji yaliyoongezwa kwenye mchuzi. Dawa hizi huchelewesha kuganda, basi. Hazipasui mshipa, ila mshipa ukivuja, kuziba kunachukua muda zaidi.

Moyo unaodunda bila mpangilio huongeza hatari ya kiharusi kama mara tano. Mama yako ameshapata kimoja, na kijifuko kilichotoa donge la kwanza bado kipo. Ukisema asipewe dawa hiyo kamwe, unamwacha na moyo unaoendelea kutengeneza madonge. Ukimpa leo, dimbwi linaweza kupanuka. Kwa hiyo mjadala wote ni wa lini.

Zamani tulikuwa na kanuni ya vidole: siku 1 kwa mshtuko wa kiharusi uliopita wenyewe, siku 3 kwa kiharusi kidogo, 6 kwa cha wastani, 12 kwa kikubwa. Ilitokana na uzoefu zaidi kuliko ushahidi. Utafiti uitwao ELAN, wa mwaka 2023, uliwaanzishia wenye kiharusi kidogo na cha wastani ndani ya saa 48 na wenye kikubwa siku ya 6 au 7, ukawalinganisha na waliosubiri zaidi. Kuvuja damu ubongoni kwenye madhara kulikuwa asilimia 0.2 pande zote mbili. OPTIMAS wa mwaka 2024 nao haukuona ongezeko la kuvuja kwa walioanza ndani ya siku nne. Kwa hiyo woga wetu wa zamani ulikuwa umezidi kipimo. Ila usiichukue habari hii ukaenda kuidai wodini: wengi wa wagonjwa wale hawakuwa na dimbwi la damu. Kwa vidoadoa, madaktari wengi siku hizi huendelea na dawa bila kuchelewa sana. Kwa dimbwi wanasubiri, mara nyingi wiki kadhaa, na hupiga picha nyingine kwanza kuona damu inanyonywa na ubongo umetulia.

Wakati ukifika, uliza ni dawa gani. Zile mpya, kama apixaban, huvujisha damu ubongoni kwa karibu nusu ya kiwango cha wafarini, dawa ya zamani. Isipokuwa kama mama ana vali ya chuma, au vali iliyo kati ya chemba mbili za kushoto za moyo imesinyaa kwa kiasi cha wastani au zaidi. Hapo wafarini ndiyo inayofaa, na mtahitaji kumpeleka kupima damu mara kwa mara.

Kwa siku hizi chache, kazi yenu pembeni ya kitanda ni ndogo lakini ina uzito. Asilishwe wala asinyweshwe chochote mpaka apimwe kumeza, hata akiomba. Nimeona watu waliovuka kiharusi wakauawa na nimonia iliyoanza kwa kijiko kimoja cha huruma. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kama watakavyowaelekeza. Joto likipanda semeni. Sukari ya damu hushikiliwa kati, kama 8 hadi 10 mmol/L. Msilete juisi za sukari kwa siri. Na msimlazimishe kusimama siku ya kwanza: utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kuwatoa wagonjwa kitandani mapema mno na kwa muda mrefu, ndani ya saa 24 za mwanzo, kulipunguza nafasi yao ya kupona vizuri. Mazoezi yataanza, tena kwa bidii, akishatulia.

Ubongo ukivimba sana, huenda mkaitwa kuamua kama kipande cha fuvu kiondolewe ili upate nafasi. Kwa walio na miaka 60 kushuka chini, waliofanyiwa mapema walinusurika 78 kwa 100 dhidi ya 29. Kwa umri wa mama, upasuaji huo nao huokoa maisha, lakini wengi wanaookoka hubaki wakihitaji kuhudumiwa karibu kwa kila kitu. Hilo ni la kuzungumza leo, mkiwa na utulivu, huku mkijiuliza mama mwenyewe angesema nini, kuliko kuamshwa nalo saa tisa usiku.

Asiposhuka ndani ya siku hizi tatu hadi tano ambazo uvimbe huwa kileleni, mambo huanza kuwa mepesi. Damu hunyonywa taratibu kwa wiki kadhaa. Kwenye picha weupe hufifia, ukawa kijivu, kisha pakabaki doa jeusi. Mkono uliokuwa umeanza kurudi jioni ile si lazima uwe umepotea. Mara nyingi huwa umefunikwa na uvimbe, na mtaujua ukweli wake baadaye.

Kesho mwombe daktari awaonyeshe picha zote mbili zikiwa pamoja kwenye kioo, na uhakikishe kaka yako yupo. Aulize mwenyewe ni daraja la ngapi, dimbwi liko wapi, na kama mstari wa katikati ya ubongo umesogea, kwa milimita ngapi. Kisha niandikieni majibu.